Kukaza Nati Si Kuutuliza Ubao

Kila kijana anayeanza kushuka milima juu ya ubao wa magurudumu hupewa wasia mmoja na waliomtangulia: ubao ukianza kupepesuka, kaza nati. Wasia huo hutolewa kwa nia njema, tena kwa uhakika wa mtu anayesema moto unaunguza. Nami niliupokea hivyo. Nilikaza nati ya traki ya mbele, nikakaza ya nyuma, nikashuka. Mwanzoni ubao ulitulia kama meza. Kasi ilipopanda ukaendelea kutulia, nikaanza kuamini. Kisha mkia ukapiga kushoto, ukapiga kulia, ukarudia mara nne au tano upesi kuliko miguu yangu ilivyoweza kujibu, na nikajikuta nateleza kwa nyonga juu ya lami huku ubao ukiendelea na safari peke yake. Kofia ngumu ilikinusuru kichwa. Ngozi ilichukua wiki tatu kurudi.

Siandiki kwa uchungu wa ngozi ile. Naandika kwa sababu wasia wenyewe bado unatembea, na kila unakopita unamwacha mtu barabarani. Wanaoutoa wanaamini kwamba utulivu wa ubao ni ugumu wake: kadiri unavyogoma kupinda, ndivyo unavyofaa kwa kasi. Mimi nasema utulivu wa ubao wa mteremko unatokana na tofauti kati ya pembe ya traki ya mbele na pembe ya traki ya nyuma. Ya mbele ipinde sana, ya nyuma ipinde kidogo. Mwenye ubao ambao traki zake mbili zinapinda sawasawa anaweza kukaza nati mpaka hesi za kingipini zilike. Atakuwa amelihamisha tatizo kutoka kasi hii hadi kasi ile, na huko liendako litamkuta akiwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Tuanze na chombo chenyewe. Traki ni kile chuma kilichofungwa chini ya ubao kikabeba ekseli na magurudumu mawili. Ina kitako kinachoshikwa na bolti nne, ina kingipini iliyopita katikati ya bushi mbili za poliurethani, na mwishoni mwa kingipini imekaa nati ninayoizungumzia. Ukiulalia ubao upande mmoja, bushi zinabinywa na ekseli inageuka. Inageuka kwa kiasi gani? Hilo linaamuliwa na mhimili ambao ekseli inauzunguka, yaani pembe ya mhimili huo na ardhi. Mhimili ukilala kabisa, nyuzi 0, ubao utainama bila kugeuka hata kidogo. Ukiinuka hadi nyuzi 45, kila nyuzi moja ya kuinama inazaa karibu nyuzi moja ya kugeuka. Traki nyingi za mteremko zimezoeleka kuuzwa kwa jozi, nyuzi 50 mbele na nyuzi 50 nyuma. Kwa hiyo bushi na nati zinapanga bei ya kuinama, nguvu utakayolipa. Pembe ndiyo inayosema utapewa nini kwa malipo hayo.

Usawa huo wa mbele na nyuma una historia, na historia yake inausuta. Mwaka 1863 Mmarekani James Plimpton alipata hataza ya viatu vya magurudumu manne vilivyopinda mtu akiegemea upande. Aliweka mpira uliobinywa na uzito wa mwili, na ekseli ya mbele na ya nyuma zikageuka kwa kukabiliana. Ilikuwa kazi ya akili kubwa, na ilikusudiwa kumbi za sakafu laini, ambamo watu walizunguka duara, wakageuka, wakarudi kinyumenyume. Katikati ya karne ya ishirini vijana wa California wakang'oa vyuma vya viatu vya namna hiyo na kuvigongomelea chini ya vipande vya mbao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya poliurethani yaliyoing'ang'ania lami, kasi ikapanda, na kati ya 1975 na 1978 watu wakawa wanashindana kushuka Signal Hill, huko huko California. Gurudumu lilibadilika, ubao ukarefuka, kingipini ikageuziwa upande wa pili. Usawa wa Plimpton ukabaki palepale. Wakimbiaji wa slalomu, mbio za kupinda kati ya koni, ndio walioutilia shaka mapema, wakaweka kabari chini ya traki ya mbele na kuilaza ya nyuma. Umma wa washukaji ukaendelea kununua jozi.

Siubezi usawa mahali pake. Katika bustani ya ubao ya Kitintale mjini Kampala au ya Shangilia mjini Nairobi, kijana anaupanda ukuta akitanguliza pua ya ubao, anarudi akitanguliza mkia, na ubao wake hauna budi kuwa na nyuso mbili zinazofanana. Mteremko una mbele moja tu. Anayeshuka kilomita tatu za lami kwa ubao uliopangwa kama vile wakati wowote atageuka kurudi kinyumenyume amebeba hitaji la ukumbi akalipeleka mlimani.

Sasa niseme kwa nini traki ya nyuma inayopinda sana ni adui wa kasi. Simamisha mchi wima juu ya kiganja chako. Ukianza kuangukia kulia, unafanya nini? Unapeleka kiganja kulia, chini yake. Aliyejitwika ndoo ya maji anafanya hivyo hivyo kwa shingo na kiuno bila kufikiri: tegemeo huufuata mzigo uendako. Mtu aliyesimama juu ya ubao ni mchi, na ubao ni kiganja. Mwili ukiinamia kulia, ubao unapaswa kwenda kulia ili kuudaka. Kwenye ubao wa pembe sawa, nusu ya mbele inakwenda kulia na nusu ya nyuma inakwenda kushoto. Mguu wa mbele unadakwa, mguu wa nyuma unatupwa nje. Katikati kabisa ya ubao pana nukta isiyokwenda kulia wala kushoto. Niiite nukta tulivu. Kila kilicho mbele ya nukta hiyo kinaufuata mwili, kila kilicho nyuma yake kinaukimbia.

Na hapa ndipo kasi inapoingia. Kule kufuata au kukimbia kunaongezeka sambamba na kasi: kasi ikizidi mara mbili, nako kunazidi mara mbili. Kasi haina upande. Inakuza ulichonacho. Uzito wako ukiwa mbele ya nukta tulivu, kila kilomita unayoongeza inakuja na mkono wa kukudaka. Uzito ukiwa nyuma yake, kila kilomita inakuja na mkono wa kukusukuma.

Tuhesabu, maana malumbano bila hesabu ni kelele. Chukua ubao wenye sentimita 60 kati ya ekseli na ekseli, uuinamishe nyuzi 10. Ufungie kwanza traki za nyuzi 40 mbele na 40 nyuma. Kila ekseli itageuka nyuzi 8.3, na ubao utachora duara ambalo nusukipenyo chake ni mita 2.06. Zifungue, weka nyuzi 50 mbele na 30 nyuma. Ekseli ya mbele itageuka nyuzi 11.7, ya nyuma 5.7, na nusukipenyo kitakuwa mita 1.95. Mbao hizo mbili zinakata kona karibu ileile. Tofauti ni sentimita kumi na moja. Lakini kwenye ubao wa kwanza nukta tulivu iko katikati, sentimita 30 kutoka ekseli ya nyuma. Kwenye wa pili imerudi nyuma hadi sentimita 20 hivi. Mtu aliyegawa uzito wake sawasawa kwenye miguu miwili yuko juu ya nukta tulivu ya ubao wa kwanza, hana wa kumdaka. Kwenye ubao wa pili, mtu huyohuyo kwa msimamo uleule yuko sentimita kumi mbele yake. Hakuongeza ugumu wowote, wala hakupoteza kona.

Linganisha na mkazaji nati. Bushi ni springi. Springi inaurudisha ubao katikati, hilo ni kweli, na ndiyo sababu mkazaji anaona nafuu mwanzoni. Lakini springi haikati mtikisiko. Yeyote aliyepanda daladala lenye shokapu zilizokufa anajua: gari linaingia shimoni, linaruka, linaendelea kuruka. Mwenye gari akifunga springi ngumu zaidi na kuziacha shokapu zile zile mfu, gari halitaacha kuruka. Litaruka harakaharaka. Poliurethani inao uwezo wake wa kumeza mtikisiko, lakini nati ikiikandamiza kabla ya safari, bushi inavimba pembeni, inakuwa imekwisha kubinywa hata hujaanza kuinama, na kile kilichofanya uilipie bei kinapotea. Ndiyo maana mpepesuko wa ubao uliokazwa huja ghafla na huja wa haraka. Ubao uliolegea kidogo hukuonya mapema, kwa mwendo mpole ambao mguu unauhisi. Uliokazwa hunyamaza, hunyamaza, kisha hukutupa.

Hilo la uharaka si dogo. Mwili wa binadamu unachelewa. Tangu mguu uhisi mpaka msuli ujibu, chukua moja ya tano ya sekunde. Kwa kilomita 70 kwa saa, hizo ni karibu mita nne za lami. Mwaka 2017, huko Les Éboulements katika jimbo la Quebec, Kanada, Mwingereza Pete Connolly alishuka kwa kilomita 146.73 kwa saa; kwa kasi hiyo, kuchelewa huko ni mita nane. Ukifanya mpepesuko uwe wa haraka zaidi, jibu la mwili litafika wakati ubao umekwisha kugeukia upande wa pili, nawe utausukuma kule kule unakoelekea. Mshukaji anadhani anapambana na ubao, kumbe anaulisha.

Wala haya si mawazo ya mtu mmoja aliyeanguka. Mwaka 1979 Mont Hubbard, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alichapisha milinganyo ya mwendo na utulivu wa ubao wa magurudumu. Mwaka 2016 Várszegi, Takács na Stépán wa Budapest, pamoja na Hogan wa Bristol, wakaongeza ndani ya hesabu kule kuchelewa kwa mwili. Walionyesha jinsi kasi inavyobana muda ambao mwili unaruhusiwa kuchelewa, na wakaonyesha faida ya kusimama mbele ya kitovu cha ubao. Mshukaji mkongwe atasema, "Hilo la kuweka uzito mbele tunalijua siku zote." Vizuri. Basi ajue pia kwamba kuweka uzito mbele na kupunguza pembe ya nyuma ni jambo moja. Ama unausogeza mwili mbele ya nukta tulivu, ama unairudisha nukta nyuma ya mwili. Anayefanya la kwanza pekee anaulipia kila mteremko kwa paja la mguu wa mbele, na siku paja likichoka, hana akiba. Wakongwe wanaoshuka salama kwa jozi ya nyuzi 50 hawathibitishi kwamba jozi ni nzuri. Wanathibitisha kwamba wao ni hodari kuliko ubao wao.

Mtu wa pwani ataninyoshea kidole: mbona jahazi lina usukani tezini, na limevuka bahari karne kwa karne? Ni swali zuri, na jibu lake linanisaidia. Aliyewahi kuliondoa jahazi gatini anajua kinachotokea nahodha akivuta kana: tezi inatupwa nje kwanza, upande wa pili wa kona, ndipo omo inaingia. Ukiwa karibu na gati, tezi ndiyo inayogonga. Majini hilo linavumilika kwa sababu maji yanakubali kusukumwa na mwendo ni wa upole. Lami haikubali. Na mtu aliyesimama wima juu ya ubao mwembamba hana mkuku wa kumshikilia. Tezi yake ikitupwa nje, mguu wake wa nyuma unakwenda nayo.

Wapo wanaopinga kwa hoja zenye uzito, nao wanastahili jibu la heshima. Wanasema ubao wa pembe mbili haufai kwa anayebreki kwa kuuzungusha ubao nusu duara na kuendelea kinyumenyume. Wana haki. Ukiugeuza, traki inayopinda sana inakuwa nyuma, na kila nililosema kuhusu kudakwa linageuka kuwa kutupwa. Anayependa michezo hiyo abaki na jozi na akubali ukomo wa kasi yake. Wanasema pia kwamba traki ya mbele inabeba kazi kubwa ya kukata kona, hivyo gurudumu la mbele likikosa uzito litateleza. Ni kweli, pembe hazikupi ruhusa ya kuegemea nyuma. Na wapo wanaokwenda hadi mwisho wa njia, wakiiweka traki ya nyuma kwenye nyuzi 0. Hao sifuatani nao. Kwa nyuzi 50 mbele na 0 nyuma, ubao wetu wa sentimita 60 unahitaji nusukipenyo cha mita 2.9 kwa kuinama kuleule, na mkia unaburutwa tu katika kona kali. Tofauti ya nyuzi 15 hadi 20 inatosha watu wengi.

Hoja ninayoikataa moja kwa moja ni ile ya fedha, eti kubadili pembe ni anasa ya wenye traki za kuchongwa kwa mashine, zinazogharimu mamia ya dola. Kabari haigharimu hivyo. Ni kipande cha plastiki ngumu, kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, kinachokaa kati ya kitako cha traki na ubao. Kabari ya nyuzi 10 chini ya traki ya nyuma ya nyuzi 50, upande mnene ukielekea mkiani, inakupa nyuzi 40. Ongeza nyingine ya namna hiyo na umefika 30, mradi bolti zako ni ndefu za kutosha kutokeza nje ya nati. Bushi za nyuma ziwe ngumu kidogo kuliko za mbele, zote zichaguliwe kwa kufuata uzito wa mwili wako, na nati ikazwe mpaka washa isizunguke kwa vidole. Hapo ndipo kazi ya nati inapokoma. Ncha ya traki ikiwa inacheza ndani ya kikombe cha pivoti kinachoishikilia, badilisha kikombe kwanza, maana hakuna pembe itakayotibu chuma kinachogongana. Kisha anza na mteremko mfupi unaoujua, na kofia na glovu zako, upandishe kasi hatua kwa hatua.

Hakuna ugeni wowote katika haya kwa mtu aliyepita Goma. Chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, hushuka vilimani kuelekea mjini na viazi, kabichi au makaa, mzigo mzito kuliko anayeuendesha. Mji huo umeuheshimu kwa kuusimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Tazama ulivyoundwa: gurudumu la mbele linageuka kwa mikono, la nyuma limefungwa likatazama mbele daima. Fundi anayeuchonga hakusoma milinganyo ya Davis wala ya Budapest. Alitazama kitu kizito kikishuka mlima, akaelewa kwamba cha mbele kiongoze na cha nyuma kifuate. Baiskeli inasema hivyo hivyo. Pikipiki pia. Ubao wa magurudumu pekee ndio ulioachwa na adabu ya ukumbi wa mwaka 1863, na sisi tumeufidia kwa spana.

Kwa hiyo, ewe unayejiandaa kwa mteremko wa kesho na umeusikia ubao wako ukipepesuka jana: kabla hujaigusa nati, uweke ubao sakafuni, ukanyage ukingo wake kwa nguvu, uiname uziangalie ekseli mbili. Ukiona ya nyuma inageuka sawa na ya mbele, rudisha spana mfukoni, ukatafute kabari.